Kitenzi cha Kiingereza “prevaricate”: maswali ambayo watu wa Lubumbashi huuliza mara kwa mara

Neno hili hutalisikia katika soko la mtaa wetu wa Kenya wala ndani ya basi la Katuba. Linamkuta mtu kwenye gazeti la Lusaka, kwenye barua ya mwanasheria wa Ndola, kwenye mtihani wa Kiingereza, au kwenye mdomo wa bosi wa mgodi aliyekasirika. Ukurasa huu ni kwa yule anayejua Kiswahili na Kifaransa, na ambaye Kiingereza anakihitaji kwa kazi.

Kwa kifupi, neno hili lina maana gani?

Ni kujibu kwa kupindapinda, kwa kusudi, ili ukweli ulioulizwa usitoke. Ndani yake kuna mambo matatu. Kuna swali, au jambo linalodai jibu. Anayejibu anaujua ukweli, au angalau anajua sehemu anayotaka kuificha. Na maneno yake yanapita kandokando ya ukweli huo ili aliyeuliza abaki mikono mitupu. Mtu asiyejua jibu na akasema hajui, huyo hajafanya “prevaricate” hata kama amekuudhi. Anayenyamaza kabisa pia hajafanya, kwa sababu kitenzi hiki kinahitaji mdomo ufanye kazi.

Basi si sawa na kusema bufi, yaani uongo?

Si sawa, ingawa ni majirani wa ukuta mmoja. Tuchukue shehena moja tuione. Lori limetoka Zambia na mifuko 600 ya unga wa mahindi, kila mfuko kilo 25, yaani tani 15. Mifuko 12 imelowa mvua na kuharibika. Mwenye mali anamuuliza msimamizi: “Mifuko yote 600 imefika salama?”

Akijibu “Ndiyo, yote 600,” huo ni uongo mtupu, na Kiingereza kinautosheleza kwa “lie”. Akijibu “Patron, unajua barabara ya Kasumbalesa wakati wa mvua. Lori liliingia usiku, vijana wameshusha mpaka saa sita, sasa wamelala,” hapo ndipo “prevaricate” inapoingia. Kila alichosema kinaweza kuwa kweli. Hakuna hata neno moja juu ya idadi.

Akisema “Kuna kimfuko kimoja-viwili vimepata unyevu,” amelipunguza jambo mpaka limebadilika sura. Hapo Kiingereza kina “distort”, na pia “understate”. Akisema “Nimehesabu mimi mwenyewe, mmoja mmoja, vikishuka,” na kweli alihesabu, akapata mizima 588 lakini hataji, amekudanganya kwa kutumia ukweli. Kitendo hicho kina kitenzi chake, “palter”, ambacho hata Waingereza wengi hawakijui, kwa hiyo tumia tu “mislead”. Akisema “Nitahesabu kesho,” anaahirisha, basi. Na akisema “Sijui bado, hesabu inaisha saa sita mchana,” huyo ni mtu wa kweli, mpe chai.

Tofauti ina uzito. Ukimwambia mtu “you lied” lazima uweze kuonyesha sentensi moja ambayo si kweli. Ukisema “you prevaricated” huhitaji sentensi ya uongo. Unahitaji kuonyesha swali ambalo halikujibiwa.

Kifaransa kina “prévariquer” na “prévarication”. Si neno lilelile?

Mama yao ni mmoja, lakini leo hawafanani tena, na hapa ndipo watu wa Lubumbashi wanapoanguka kuliko wa Dar es Salaam, ambao Kifaransa hakiwasumbui.

Kwa Kifaransa, “prévarication” ni kosa la mwenye cheo. Hakimu, ofisa au mtumishi wa serikali amevunja kwa kusudi wajibu wa kazi aliyopewa, mara nyingi kwa faida yake au ya rafiki zake. Unaweza kufanya kosa hilo bila kufungua mdomo: sahihi moja chini ya karatasi inatosha. Kwa Kiingereza, “prevarication” ni jambo la maneno, na mtu yeyote anaweza kulifanya, hata mtoto aliyeulizwa nani amekula sukari.

Kwa hiyo ukiwa na sentensi ya Kifaransa “le juge est accusé de prévarication”, ukaandika “the judge is accused of prevarication”, msomaji wa Kitwe ataelewa kwamba hakimu anashutumiwa kwa kukwepa maswali. Shtaka la rushwa na kuvunja wajibu limeyeyuka njiani. Andika “misconduct in office”, au “abuse of office”, au “breach of duty”, kulingana na kilichotendeka.

Na kurudi nyuma? “He prevaricated” kwa Kifaransa si “il a prévariqué”. Ni “il a tergiversé”, “il a biaisé”, au kile ambacho kila mtu anakisema, “il tournait autour du pot”. Hili la chungu linapendeza, maana Kiswahili nacho kinasema anazungukazunguka.

Wanaojua Kihispania wawe macho vilevile. Kwao “prevaricación” ni kosa la jinai la hakimu au ofisa anayetoa uamuzi huku akijua si wa haki. Ni upande wa Kifaransa, si wa Kiingereza.

Ilikuwaje neno moja likagawanyika hivyo?

Asili ni Kilatini, “praevaricari”, na mzizi wake unahusu miguu iliyopinda, matege kwa Kiswahili. Ni kutembea bila kufuata mstari. Plinius Mzee, mwandishi Mroma aliyefariki mwaka 79, analitumia kwa mkulima: asipoinama vizuri nyuma ya plau, mfereji wake unapinda. Anaongeza kwamba kutoka shambani neno hilo lilihamia mahakamani.

Huko mahakamani lilipata kazi maalumu. Roma haikuwa na parquet, yaani ofisi ya waendesha mashtaka, kama tuliyozoea. Raia yeyote aliweza kumshtaki mwenzake mbele ya mahakama, na wengine walifanya mchezo: mtu anajitokeza kama mshtaki mkali, kumbe ameelewana na mshtakiwa, anaacha hoja nzito nyumbani, anapiga kelele juu ya hoja nyepesi, mshtakiwa anaachiliwa. Huyo aliitwa “praevaricator”.

Sheria za Roma zilizokusanywa kwa amri ya Justinian na kutangazwa mwaka 533 zinaweka makosa matatu ya mshtaki kwa mstari mmoja, na mstari huo unafaa kukaririwa. La kwanza, “calumniari”, ni kuleta mashtaka ya uongo. La pili, “praevaricari”, ni kuficha mashtaka ya kweli. La tatu, “tergiversari”, ni kuyaacha mashtaka kabisa. Neno lenyewe maana yake ni kugeuza mgongo.

Sasa angalia lilivyogawanyika. Kifaransa kilishika usaliti wa kazi uliokuwa ndani ya la pili. Kiingereza, ambacho kilikuwa na kitenzi hiki tangu karne ya 16, mwanzoni kikiwa na maana ya kuacha njia iliyonyooka, mwishowe kikashika kule kuficha ukweli kwa maneno. Na “tergiverser” ya Kifaransa ikatoka kwenye kugeuza mgongo ikawa kusitasita na kukwepa jibu, ikakaa pale pale ambapo Kiingereza kimeiweka “prevaricate”. Viti vimebadilishana watu. Ukikumbuka hilo hutahitaji kukariri orodha.

Nimesoma “he prevaricated for two weeks” ikionekana kama kuchelewesha. Ni sahihi?

Utaikuta, hasa katika magazeti ya Uingereza, na wahariri wengi wanaihesabu kuwa kosa. Sababu yake ni kwamba “prevaricate” na “procrastinate” yanaanza sawa, yanaishia sawa, yana urefu unaokaribiana, na yule anayekwepa jibu mara nyingi anapoteza muda vilevile. Masikio yanachanganya.

Lakini “procrastinate” ina neno la Kilatini la kesho ndani yake, “cras”. Ni kusukuma kazi mbele. Fundi asiyeanza kuezeka nyumba yako mpaka mvua za Novemba zianze, huyo “procrastinates”. Ukimpigia simu kumuuliza kama ameanza, naye akakueleza bei ya mabati ya mwaka huu, hapo sasa “prevaricates”. Mtu mmoja anaweza kufanya yote mawili asubuhi moja, ila sentensi zako ziyatenganishe. Kwenye mtihani, ukichagua “delay” kama maana ya “prevaricate”, utakosa alama.

Kinatumikaje katika sentensi?

Ni kitenzi kisicho na yambwa. Hakuna kitu wala mtu anayekaa nyuma yake moja kwa moja. Makosa tunayoyaona sana ni haya:

“He prevaricated the truth” ni kosa. Ukitaka kuutaja ukweli baada ya kitenzi, badili kitenzi: “he distorted the truth” au “he twisted the truth”.

“She prevaricated me” ni kosa. Sema “she misled me”, au “she prevaricated when I asked her”.

“They prevaricated the meeting until Monday” ni makosa mawili kwa pamoja: kuna yambwa, na maana ni ya kuahirisha. Sema “they put off the meeting”.

Jambo linalokwepwa linatanguliwa na “about”, “on” au “over”: “the manager prevaricated about the missing fuel”, meneja alipindapinda maneno kuhusu mafuta yaliyopotea. Mara nyingi kitenzi kinasimama peke yake: “Stop prevaricating”, acha kuzungukazunguka.

Kwa tahajia: r ya katikati ni moja tu, si mbili, baada ya v inakuja a, na e ya mwisho inaanguka ukiongeza “-ing”. Nomino ya kitendo ni “prevarication”, na ya mtu ni “prevaricator”. Hii ya mwisho itumie kwa nadra. Kumwita mtu hivyo ni kusema kwamba ndiyo tabia yake, si kwamba amefanya leo.

Matamshi?

Kitenzi kina silabi nne na mkazo uko kwenye ya pili: pri-VA-ri-keit. Mswahili atavutwa kuweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, Mfaransa kwenye ya mwisho kabisa. Yote mawili yatamfanya Mzambia akuombe urudie. Nomino ina bahati kwetu: pri-va-ri-KEI-shen, mkazo unaangukia pale pale Kiswahili kinapoupenda. Anza na nomino, ukiizoea uhamie kwenye kitenzi.

Je, “equivocate” ni kitu kilekile?

Kamusi nyingi zinayaweka pamoja na kwa mazungumzo ya kawaida hakuna atakayekulaumu. Ila “equivocate” ina ujanja wake: inategemea neno au sentensi yenye maana mbili, msemaji akiwa na moja kichwani na msikilizaji akipokea nyingine.

Lubumbashi, ambako dola na faranga zinatembea mfuko mmoja, mfano uko mezani kila siku. Unamuuliza kijana amelipa kiasi gani kwa ukarabati wa motokari. Anasema: “Nimetoa elfu mbili.” Wewe unasikia dola. Yeye alitoa faranga, kiasi kidogo mno kuliko hicho. Hakusema bufi. Aliliacha neno lijifanyie kazi. Huko ndiko “equivocate”. Angejibu kwa kulalamika juu ya ubovu wa mafundi wa siku hizi, ingekuwa “prevaricate”.

Neno hilo lilipata sifa mbaya Uingereza mwaka 1606, wakati padri Mjesuiti Henry Garnet aliposhtakiwa London kuhusu njama ya mwaka 1605 ya kulipua Bunge kwa baruti. Fundisho lililosema mtu aliye hatarini aruhusiwe kujibu kwa maneno yenye pande mbili lilitolewa mahakamani na kushambuliwa. Garnet alinyongwa, na neno halijasafishika mpaka leo.

Maneno mengine ya jirani tuyapite haraka. “Hedge” ni kujiwekea akiba ya maneno kama “labda” na “huenda”. Si kosa, wanasayansi wanafanya hivyo kila siku. “Quibble” ni kubishana juu ya vijambo vidogo. “Fudge” ni kulifunika jambo ukungu, hasa hesabu. “Fabricate” ni kubuni ushahidi usiokuwepo. Inakaribiana na “prevaricate” kwa sauti tu.

Nikitafsiri kwa Kiswahili, nichague neno gani?

Hakuna neno moja linaloziba pengo lote. “Kudanganya” ni pana mno, linakurudisha kwenye uongo. “Kupotosha” linafaa zaidi kwa “distort”. Tunapendekeza “kupindapinda maneno” au “kukwepa jibu kwa maneno” katika maandishi, na “kuzungukazunguka” katika mazungumzo. “Kupiga chenga” ni tamu, kwa kuwa kila aliyewahi kuona mpira anaiona picha, ila kwenye karatasi ya mahakama inachekesha. “Kubabaisha” inakaribia sana, lakini inabeba pia mtu asiyeijua kazi yake, na huyo si lazima awe anaficha kitu.

Epuka “kuzunguka mbuyu”. Katika nahau za Kiswahili hicho ni kutoa rushwa. Ukiitumia hapa utakuwa umeirudia ajali ya “prévarication” kwa njia nyingine.

Mkalimani ana sheria yake: shahidi akipindapinda kwa Kiswahili, tafsiri yake kwa Kiingereza ipindepinde vilevile. Kosa la kila siku ni mkalimani mwenye huruma kufupisha maneno ya shahidi yakawa “yes” au “no” ambayo shahidi hakuyatamka.

Ninaweza kumwambia mteja wangu wa Zambia “you are prevaricating”?

Unaweza, ukiwa tayari kupoteza mteja. Neno lina sauti ya kiofisi, lakini chini yake kuna shutuma: unajua, na unanificha. Kwenye barua ya kwanza andika “You have not answered my question about the weight”, hujajibu swali langu kuhusu uzito. Hiyo inataja tendo bila kuingia moyoni mwa mtu. “Prevaricate” iache kwa barua ya tatu, ambayo pengine inaandikwa na mwanasheria.

Waingereza wenyewe wana desturi ndefu ya kulizunguka neno “liar”. Katika Bunge lao mbunge hawezi kumwita mwenzake mwongo. Spika atamwamuru afute. Winston Churchill, mwaka 1906, alitumia “terminological inexactitude”, yaani kutokuwa sahihi kwa istilahi, na tangu hapo watu wanaitaja kwa kicheko badala ya neno “uongo”. Mwaka 1986, ofisa mkuu wa serikali ya Uingereza, Robert Armstrong, akihojiwa mahakamani Sydney, alikubali kwamba barua fulani ilikuwa “economical with the truth”, yaani ilikuwa na ubahili wa ukweli. Maneno hayo mawili yanafaa kutambuliwa ukiyasoma. Kuyatumia mwenyewe ni hatari, kwa kuwa yamebeba kejeli.

Kwenye mkataba au mbele ya duane (forodha), neno hili lina nguvu ya kisheria?

Hapana. Kwenye mkataba wa Kiingereza utakutana na “misrepresentation”: maelezo yasiyo ya kweli yaliyomfanya mwenzako akubali kutia sahihi. Uingereza ina sheria yenye jina hilo ya mwaka 1967. Upande wetu mwanasheria atazungumzia “dol”, yaani hila ya kumfanya mwenzako akubali mkataba, na mikataba inatawaliwa na dekreti ya tarehe 30 Julai 1888. Mipaka ya maneno hayo mawili si ileile, kwa hiyo usibadilishe moja kwa jingine bila kumuuliza mtu wa sheria. Mbele ya duane, karatasi yenye idadi isiyo ya kweli ni “false declaration”. Hakuna ofisa atakayeandika “prevaricate” kwenye fomu.

Mahali ambapo wazo lenyewe linagusa sheria waziwazi ni kiapo cha shahidi katika mahakama za Kiingereza: ukweli, ukweli wote, na si kingine ila ukweli. Kipande cha katikati ndicho kinachomfunga mwenye kupindapinda. Bila hicho, msimamizi wetu wa unga angeweza kuapa na kulala usingizi mzuri.

Sisi huwa hatusemi mambo moja kwa moja kwa heshima. Je, hiyo ni “prevarication”?

Swali zuri. Mtoto akitumwa kwa mjomba kuuliza kama fedha za dote (mahari) zimepatikana, mjomba akasema “waambie wazee tutaonana, Mungu akipenda,” kila mtu nyumbani anaelewa kwamba bado. Hakuna aliyefichwa kitu. Kipimo ni hiki: je, msikilizaji anayeijua desturi anaondoka akijua ukweli? Akiondoka akijua, ni adabu. Taabu inaanza pale jibu hilohilo linapopelekwa kwa Mwingereza au kwa mtu wa kampuni ambaye desturi haijui. Yeye atasikia ndiyo, na baada ya mwezi ataandika kwamba “they prevaricated”. Kwa hiyo, katika kazi ya Kiingereza, jibu la adabu liongezewe kipande kimoja kigumu: tarehe, idadi, au “not yet”.

Wamarekani wanalitumia vilevile?

Karibu. Kwao neno linaegemea zaidi upande wa uongo; wengi wanalichukua kama jina la heshima la “lie”. Ukiwaandikia Wamarekani fahamu kwamba shutuma yako itasikika nzito zaidi.

Mtu akinipindapindia maneno kwa Kiingereza, nimrudishe vipi kwenye mstari?

Rudia swali lilelile kwa maneno yaleyale. Ukilibadilisha, umempa mlango mpya wa kutokea. Mfano unaojulikana sana ni wa Mei 1997, kwenye televisheni ya BBC: Jeremy Paxman alimuuliza Michael Howard, aliyekuwa waziri wa mambo ya ndani, kama alitishia kumpuuza mkuu wa magereza na kuamua mwenyewe. Alirudia swali lake mara kama 12, na kila mara jibu lilikuja bila “ndiyo” wala “hapana”. Watazamaji hawakuhitaji kuambiwa kitenzi chake.

Ukishindwa, lifupishe swali mpaka libaki na majibu mawili tu: “Did 600 bags arrive, yes or no?” Kisha omba jibu liandikwe: “Could you confirm the number by email?” Anayepindapinda kwa mdomo huwa anapata shida akiombwa namba moja kwenye mstari mmoja.